Boila ya kichwa kidogo cha treni: jibu kwa fundi friji wa Dodoma

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi friji na AC, naishi Chang'ombe hapa Dodoma. Nimedhamiria kutengeneza kichwa kidogo cha treni kinachotembea kwa mvuke wa kweli, cha reli ya milimita 45, kitumie gesi. Nina kipande cha bomba la shaba la inchi 2⅛ kilichobaki kwenye kazi ya chila (mashine kubwa ya kupozea maji ya AC), unene wake kwa kalipa ni milimita 1.8. Je, naweza kufunga boila kwa vijiti vile vile ninavyounganishia mabomba ya AC, kisha niijaribu kwa naitrojeni kama tulivyozoea? Mwenzangu anasema nisihangaike, nichukue mtungi mtupu wa gesi ya friji nitoboe. Na maji yetu haya ya chumvi yatafaa?"

Marahaba, fundi. Bomba lako linafaa, tena ni zuri. Vijiti vya AC viache, naitrojeni iache, na mtungi wa gesi ya friji usiutoboe hata kwa majaribio. Maji nayo yana dawa yake. Mkono wa fundi friji ni mtaji mkubwa katika kazi hii, kwa sababu umeshazoea kuona kijiti kikiyeyuka, kikafuata joto na kuzama chenyewe kwenye upenyo. Kinachobaki ni kuacha mazoea machache ambayo kwenye AC ni sahihi lakini kwenye boila yanaua.

Tuumalize mtungi kwanza. Mitungi ile ya kutupwa huandikwa ubavuni kwamba isifikishwe zaidi ya nyuzi 52 za Selsiasi. Mvuke wa presha ya bar 4 una nyuzi 151, na ukuta unaolambwa na moto unapita hapo. Chuma chake ni chembamba, na kutu huanza kukila kwa ndani tangu siku ya kwanza unapotia maji, mahali ambapo jicho lako halifiki. Halafu wewe mwenyewe unajua mabaki ya gesi ya friji yakikutana na moto hugeuka kuwa sumu gani. Mwenzako anakutakia mema, ila hapo asikilizwe kwa adabu tu.

Kipimo cha milimita 45 ulichochagua kinaendana vizuri na Dodoma. Reli ya Kati ya zamani, iliyofika mjini hapo mwaka 1910, ina upana wa mita moja. Gawa 1000 kwa 45 unapata 22 na kidogo, kwa hiyo kila kipimo cha kichwa cha kweli kigawe kwa 22. Bomba lako la milimita 54 linasimama badala ya boila ya karibu mita 1.2, na kwa kichwa cha wastani cha reli ya mita moja hiyo ni sura ya kweli kabisa.

Presha ya kazi iwe bar 4, yaani psi 58 kwenye geji zako. Usipande zaidi ya hapo. Kichwa cha ukubwa huu hutembea vizuri hata kwa bar 2 au 3. Hesabu ya ukuta ni presha mara kipenyo, kisha ugawe kwa nguvu ya shaba mara mbili. Shaba ikishapashwa hadi wekundu hulegea na haiurudii ugumu wake, kwa hiyo tunahesabu kwa shaba laini: niutoni 172 kwa milimita ya mraba. Gawa kwa 8 kwa ajili ya usalama, unabaki na 21.5. Bar 4 ni niutoni 0.4 kwa milimita ya mraba. Basi 0.4 × 54 ÷ (2 × 21.5) ni milimita 0.5. Wewe una 1.8. Ziada hiyo usiigeuze kuwa sababu ya kupandisha presha. Ndiyo inayolipia matundu utakayotoboa, kuliwa kwa shaba miaka ikienda, na kosa dogo la mkono. Hesabu hii ni ya bomba lisilo na mshono tu. Ukikunja bati la shaba na kuliunganisha, ni habari nyingine.

Hapa kuna neno linalotuponza: shaba. Dukani nyekundu ni shaba, na ya njano ni shaba. Kwa boila hizo ni vitu viwili tofauti. Ya njano ina zinki ndani, na maji ya moto huitoa zinki hiyo polepole. Kinachobaki ni kitu cha waridi chenye vitundu kama sponji, kwa nje kinaonekana kizima lakini ukikikaza kwa spana kinamenyeka. Kwa hiyo ukuta, vifuniko na bomba la moto viwe vya shaba nyekundu. Vikombe vyenye uzi, vile vinavyopokea vali na geji, viwe vya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na madini ya bati (tin) na siyo zinki. Nunua fimbo mpya ya bronzi. Bush za zamani za mashine usizichonge kwa kazi hii, kwa sababu nyingi zina risasi ndani, na risasi huzuia fedha ya kuunganishia kushika. Uzi usiukate kwenye ukuta wa shaba wenyewe, milimita 1.8 ya shaba laini haishiki uzi.

Sasa vipande. Kata bomba urefu wa milimita 160, usawazishe ncha kwa tupa mpaka zikae wima juu ya kioo bila kucheza. Vifuniko viwili uvitengeneze kwa bati la shaba nyekundu la milimita 2, vyenye ukingo uliokunjwa wa milimita 7. Ndani ya bomba lako ni milimita 50.4. Toa unene wa bati mara mbili, toa 0.2 ya nafasi, unapata kalibu ya milimita 46.2. Mkerezaji akutengenezee kalibu hiyo kwa chuma au mbao ngumu kama mpingo, na kona yake aiviringe kwa nusu kipenyo cha milimita 3. Duara la bati ukate milimita 62. Lipashe hadi wekundu hafifu, lizamishe majini, libane kwenye jiliwa pamoja na kalibu, kisha uligonge kwa nyundo ya mbao au raba kwa kuzunguka, kidogo kidogo. Mlio ukibadilika kutoka butu ukawa mkali kama wa sufuria, bati limeshakuwa gumu: acha, lipashe tena. Kifuniko kimoja kwa kawaida hudai kupashwa mara tatu au nne. Anayelazimisha kwa mara moja hupata ufa kwenye kona, na ufa wa kona hauzibwi, bati linatupwa.

Bomba la moto linalopita katikati ya maji unalo tayari kwenye begi lako la kazi. Lile la AC la inchi ⅞, yaani milimita 22.2, linatosha. Kitovu chake kiwe milimita 8 chini ya kitovu cha boila, ili mgongo wake ubaki chini ya maji muda wote. Ndani yake, kwenye nusu ambayo mdomo wa bana (kichomea gesi) haufiki, toboa upitishe vibomba vinne vya milimita 5 kwa mshazari, kila kimoja kikielekea upande tofauti. Maji hupita ndani yake na moto hupiga nje. Vibomba hivyo vinne huchangia mvuke kuliko unavyodhani.

Juu, milimita 16 kutoka kitovu, pitisha fimbo ya bronzi ya milimita 5 kutoka kifuniko hadi kifuniko. Wengi huiruka. Fanya hesabu uone: eneo la kifuniko ukitoa bomba la moto ni milimita za mraba 1,600 hivi, na kwa bar 4 linasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 65. Ni mtu mzima amesimama juu ya kifuniko chako, na siku ya majaribio watasimama wawili. Sehemu ya chini inashikwa na bomba la moto. Ya juu bila fimbo haina wa kuishika, itatuna.

Tuje kwenye vijiti. Vile vya AC ni shaba na fosforasi, pengine na fedha asilimia 2 au 5. Kwenye shaba kwa shaba fosforasi hujisafishia njia yenyewe, ndiyo maana hutumii flaksi, ile dawa ya kusafisha kiungo kinapopashwa. Kwenye boila vina kasoro tatu. Vinapita vizuri kwenye nyuzi 700 na kitu, kwa hiyo unapashia kazi nzima zaidi ya lazima. Kiungo chake ni kikavu, hakipendi kupinda, na boila hutanuka na kusinyaa kila inapowashwa. Na siku ukitamani kuhamia kwenye makaa ya mawe, salfa ya moshi itakila kiungo hicho. Risasi ya redio ndiyo mbaya zaidi. Inayeyuka kwenye nyuzi 183, wakati mvuke wako uko 151. Maji yakipungua kwa dakika moja tu, kiungo kimeondoka.

Tumia vijiti vya fedha asilimia 55, vinavyoyeyuka kati ya nyuzi 630 na 660. Kwa hatua ya kwanza tumia vya asilimia 40, ambavyo huanza 650 na kupita kwenye 710, ili kiungo cha kwanza kisiachie unapopasha cha mwisho. Pakiti iwe imeandikwa haina kadimi. Moshi wa kadimi huharibu mapafu, na hauna onyo. Kijiti cha milimita 1.5 chenye urefu wa nusu mita kina gramu 8 hivi. Boila hii hula kama viwili, basi nunua vitatu na uwe na akiba. Ni ghali, lakini hapo ndipo pesa ya boila inapopaswa kwenda. Nunua pia flaksi ya fedha ya unga au ya kupaka, inayofanya kazi kati ya nyuzi 500 na 800. Boraksi peke yake huchelewa kuyeyuka kwa vijiti hivi.

Moto wako wa oksijeni na asetilini una ncha kali, unachoma nukta moja wakati shaba inakimbiza joto pande zote. Matokeo yake flaksi inaungua mahali pamoja na upande wa pili haujafika nyuzi 400. Unahitaji mwali mpana na laini: bana kubwa la gesi, mfano wa lile la mafundi wanaobandika tabaka la lami juu ya paa za zege, lenye mdomo wa milimita 25 hadi 30, likiwa na regyuleta ya presha ya juu. Regyuleta ya jikoni hutoa milibar 30 hivi, haitatosha. Zungushia kazi matofali ya moto pande tatu ili joto lirudi. Na usifanye kazi hii juani. Wekundu hafifu wa shaba hauonekani kwenye mwanga wa saa sita za mchana Dodoma. Utapitiliza huku ukidhani haijafika. Fanya jioni, kwenye kivuli, mahali upepo haupigi, maana upepo wa huko utakula nusu ya gesi yako na kiungo kibaki baridi.

Mpangilio ni huu. Kwanza vikombe vya bronzi kwenye ukuta, na vibomba vinne kwenye bomba la moto, kwa fedha ya 40. Pili, kifuniko cha mbele pamoja na bomba la moto na fimbo, kwa fedha ya 55. Tatu, kifuniko cha nyuma. Upenyo wa kila kiungo uwe kati ya milimita 0.05 na 0.15. Ukibana sana fedha haiingii. Ukiachia sana haijazi. Kifuniko kikiingia kwa kubana kabisa, kipige nukta ndogo za senta panchi ukingoni, sita kwa kuzunguka, ili nafasi ibaki. Ukingo uliokunjwa uelekee nje, uwe sawa na ncha ya bomba, upate pa kuweka kijiti.

Paka flaksi pande zote mbili kabla ya kuunganisha. Pasha polepole kwa kuzungusha mwali. Flaksi itatoa mapovu, itatulia, kisha itakuwa maji maangavu kama kioo. Hapo uko karibu na 600. Endelea sekunde chache, gusa kijiti upande ulio mbali na mwali. Kikiyeyuka kwa joto la shaba yenyewe na kukimbia kwenye upenyo, umepatia. Kikijikunja kuwa shanga, shaba ni baridi au chafu. Flaksi ikiwa nyeusi na ngumu, imeungua, na kuongeza kijiti juu yake ni kutupa fedha: acha ipoe, safisha, paka upya, anza tena.

Jambo ambalo halina mjadala: kabla ya kupasha hatua ya tatu hakikisha tundu moja la kikombe liko wazi. Boila iliyofungwa yenye tone la maji ndani, ukiipasha, inakuwa bomu mikononi mwako.

Kila baada ya hatua, acha ipoe mpaka uishike kwa mkono, halafu iloweke kwenye asidi ya sitriki, ule unga mweupe unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Gramu 80 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, nusu saa, na flaksi yote inatoka. Suuza, sugua kwa brashi, kausha. Kisha kagua kwa lenzi kuzunguka kiungo kizima. Unatafuta mstari mmoja mwembamba, mweupe wa fedha, usiokatika. Ukiona kitundu kama cha sindano usikizibe kwa risasi. Safisha, paka flaksi, pasha boila nzima tena, ongeza nusu sentimita ya kijiti.

Sasa naitrojeni. Kwenye AC unaitia, unapaka sabuni, unaangalia povu, na mfumo ni mabomba membamba. Boila ina tumbo. Robo lita ya gesi kwa bar 8 imebeba nguvu ya kurusha kifuniko kama jiwe la manati. Maji yaleyale robo lita, kwa presha ileile, husinyaa kwa sehemu ya kumi ya mililita, yaani matone mawili. Kiungo kikiachia, matone mawili yanatoka na sindano ya geji inaanguka sifuri. Tofauti ya nguvu iliyohifadhiwa ni maelfu ya mara. Ndiyo maana jaribio la boila ni la maji, na halina mbadala.

Azima pampu ya mkono ya mafundi bomba, ile wanayopimia mabomba ya nyumba mpya. Weka geji ya bar 0 hadi 16, na uilinganishe kwanza na geji nyingine unayoiamini. Jaza boila maji huku kikombe cha juu kabisa kiko wazi, iinamishe huku na huku, igonge kwa vidole, mpaka maji yamwagike bila kiputo. Hewa iliyobaki ndani inarudisha hatari ileile ya naitrojeni. Funga. Kausha viungo vyote, uvipake vumbi la chaki. Pima kipenyo cha bomba kwa kalipa mahali patatu, na uweke rula ya chuma juu ya kila kifuniko uone mwanga unapita wapi. Andika.

Panda bar 2, subiri dakika 5. Bar 4, subiri. Bar 6, subiri. Halafu bar 8, mara mbili ya presha ya kazi, na uache dakika 20. Chaki inayogeuka rangi kwa nukta nyeusi ndiyo anwani ya tatizo. Sindano ikishuka na hakuna nukta, mara nyingi ni plagi au pampu inayovuja. Teremsha presha, pima tena. Kifuniko kikirudi kilivyokuwa, safi. Kikibaki kimetuna, usijidanganye kwamba kimezoea; kinahitaji fimbo nyingine. Baada ya hapo rudia kila mwaka kwa bar 6, na kila mara unapoipasha tena kwa ukarabati rudi kwenye bar 8. Weka daftari lenye tarehe na vipimo. Ukija kuionyesha mbele ya watoto au wageni, daftari hilo ndilo litakaloulizwa.

Vali ya usalama kwa boila ya kwanza nunua, usitengeneze. Ukiamua kutengeneza, fahamu ukubwa wa nguvu unayoshika: tundu la milimita 4 kwa bar 4 linasukumwa kwa nusu kilo tu. Springi ni laini kiasi hicho, na ikiwa ya chuma cha kawaida, kutu ya wiki mbili inaishika. Iwe ya chuma kisichopata kutu, gololi iwe ya aina hiyo hiyo. Kipimo chake kinathibitishwa siku ya kwanza ya mvuke: koki ya kupeleka mvuke kwenye silinda imefungwa, moto uko juu kabisa, vali inafunguka kwenye bar 4, na sindano isipande kupita 4.4 hata uache dakika 5. Ikipita, vali ni ndogo kwa moto wako. Zima, badilisha vali. Kukaza springi ili isipige kelele ni kosa ambalo halina wa kulirekebisha.

Kwa moto, ukiagiza bana na jeti (kipande chenye kitundu kinachotoa gesi), jeti ya tundu la milimita 0.2 inatosha boila hii. Kumbuka Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya pwani. Bana lililowaka bluu Dar es Salaam linaweza kuwaka njano huko na kujaza masizi kwenye bomba la moto. Weka pete ya kuteleza juu ya matundu ya hewa, uyafungue kidogo kidogo mpaka mwali uwe bluu na utulie. Ukisikia mlio wa kunguruma kama pikipiki, umefungua mno au mipasuo ya bana ni mipana kupita milimita 0.5. Tangi la gesi la kwenye treni nunua lililopimwa kiwandani, ulijaze buteni ya makopo. Usihamishe gesi ya mtungi wa jikoni kuingia humo. Ina propeni, na propeni kwenye nyuzi 40 inasukuma kwa zaidi ya bar 12 wakati buteni haifiki 4. Juani, nyuzi 40 ndani ya tangi dogo la shaba ni jambo la kawaida.

Tumebaki na maji. Maji ya visima vya Dodoma yana madini mengi, unayaona kwenye birika lako. Yakichemka ndani ya boila madini hayaendi na mvuke. Yanabaki na kugandia bomba la moto, hasa vile vibomba vinne vya milimita 5 ambavyo huwezi kuvisugua. Gamba likikaa, shaba inapata joto isilolipeleka kwenye maji. Chumvi nayo hufanya maji yatoe povu, yakapanda na mvuke hadi kwenye silinda, na kichwa kikaanza kutema maji kwenye dohani badala ya kuvuta.

Bora kuliko yote ni maji ya mvua. Mvua yenu ni ya msimu mmoja, kama Desemba hadi Aprili, basi kinga mapema: acha mvua mbili za mwanzo zioshe paa, halafu jaza madumu, chuja kwa kitambaa. Boila hii inachukua mililita 200 kwa safari, kwa hiyo madumu mawili ya lita 20 yanakupeleka mwaka mzima na zaidi. Yakiisha, tumia maji ya betri kutoka kituo cha mafuta, lakini soma chupa: maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja, na asidi hiyo ikiingia kwenye boila yako utakuwa umeharibu kazi ya mwezi.

Safari yenyewe: jaza mililita 200, washa, subiri bar 2, fungua mvuke taratibu huku magurudumu yakiwa juu ya kipande cha mbao ili silinda zipate joto na maji ya kwanza yatoke. Boila ya ukubwa huu hutumia kama mililita 8 kwa dakika, kwa hiyo kila dakika 5 sukumia mililita 40 kupitia vali ya kujazia. Kioo cha kuonyesha kimo cha maji, kikiwa na tundu jembamba, hudanganya, maji hushikwa na kuta zake. Fungua koki ya chini sekunde moja, uone yanashuka na kupanda tena, ndipo uamini. Yakiwa chini ya milimita 6 juu ya bomba la moto, zima gesi kwanza. Usitie maji baridi kwenye bomba lililokauka likiwa na moto.

Kwenye kilainishi cha mvuke tumia mafuta ya silinda za mvuke, daraja 460 au 680, siyo oili ya gari. Ile hugeuka uji mweupe ikikutana na mvuke. Ukimaliza, acha presha ishuke hadi bar 0.5, fungua koki ya chini, maji yote yatoke pamoja na matope yake, na uache vikombe wazi mpaka boila ipoe na kukauka. Baada ya kila safari 20 hivi, jaza sitriki ya gramu 50 kwa lita, iache saa moja ikiwa ya uvuguvugu na bila moto, suuza mara tatu, na utazame rangi ya maji ya kwanza yanayotoka. Bluu kidogo ni shaba, ni kawaida. Yakitoka na vipande vyeupe kama ganda la yai, badilisha chanzo chako cha maji kabla ya safari inayofuata.